Mtungi wa Khvaramze

Beshken alikuwa msafisha mitungi wa mfalme, kazi inayotaka mtu mfupi asiyeona haya kunuka mashapo. Mitungi yetu ya divai huzikwa ardhini mpaka shingoni, na mtu mzima huingia ndani akapotea. Beshken alishuka na brashi yake, akasugua huku akiimba. Ndiyo desturi: ukinyamaza, walio juu wanajua hewa ya chachu imekulevya, wanakuvuta kwa kamba. Sauti yake ilikuwa mbaya ajabu, na miaka thelathini hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Yeye mwenyewe alikuwa na mtungi mmoja tu, uani kwake. Aliujaza na kuuziba siku alipozaliwa bintiye Khvaramze, uje ufunguliwe siku ya harusi yake. Majuma matatu kabla ya harusi hiyo akaja Abulasan, msimamizi wa karamu za mfalme.

"Mzee Beshken, mjumbe wa amiri wa kusini anakuja kuzungumza amani. Mfalme anataka divai iliyokomaa kuliko zote. Ni yako."

"Ni ya mwanangu, bwana."

"Vita vikija, huyo mwanao ataolewa na nani? Na mshale?"

Beshken alikasirika, nami simlaumu. Lakini mfalme haambiwi hapana. Aliuzibua mtungi kwa mkono wake, akijua kwamba divai ikishafunguliwa haingoji, siku chache tu inageuka siki. Na kazi ya kuimimina karamuni akapewa yeye.

Ukumbini mfalme akainua pembe ya kunywea, akaombea amani. Watu wote wakanywa. Mjumbe akafunika kikombe chake kwa kiganja.

Katika jumba lote lile la wajuzi wa vita na mikataba, hakuna aliyekumbuka kwamba Mwislamu hanywi divai. Kwetu asiyekunywa ni mgonjwa au adui. Mfalme akakunja uso. Abulasan akatazama mlango.

"Uniwie radhi, Mfalme, dini yangu hainiruhusu," alisema mjumbe kwa upole. "Lakini huyu mzee mbona ananitazama kama nimemwibia?"

Ulimi wa Beshken ukamponyoka. "Ni divai ya harusi ya binti yangu. Na wewe hata hunywi."

Mjumbe ndiye aliyeanza kucheka, mfalme akafuata.

"Abulasan," mfalme alisema, akijifuta macho, "harusi ni kesho, hapa hapa. Mgeni wangu mtafutie maji ya zabibu."

Walikula na kucheza siku tatu. Mkataba ulipigwa muhuri mezani, kati ya sahani za kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi, na bibi harusi akiushikilia usikunjamane.

Siku ya nne, kabla Khvaramze hajaondoka kwenda kwa mumewe, Beshken alishuka kuusafisha mtungi ule mtupu. Binti alishika kamba juu. Wimbo ukaanza, ukalegea, ukakatika.

"Baba? Nikuvute?"

"Usivute, mwanangu. Nalia kidogo tu. Nitaimba sasa hivi."