Siku Yao Moja Konza

Juzi nilirudi kijijini kwetu Kola kwa mazishi ya jirani yetu. Mama alifunga kitambaa chake cheusi kichwani, akabeba kiti cha plastiki mwenyewe, akaenda kukaa nyuma kabisa ya hema, wanakokaa watu wasiojulikana na wenye msiba. Waombolezaji wa kutoka mbali walimpita wakidhani ni mgeni. Mgeni! Kaa hapa, ndugu yangu, nikueleze wanawake hawa wawili, mama na huyo marehemu, walikuwa nani.

Walikua pamoja, wasichana wa kijiji kimoja, wakaja kuolewa boma kwa boma. Kisha baba yangu na mume wa jirani wakagombania mpaka: safu ya makonge na kipande chembamba cha udongo mwekundu ambacho hakingetoa hata gunia moja la mbaazi. Walifika kwa chifu, wakarudi na chuki. Tangu hapo salamu zikakatika. Tulipokwenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, mama na jirani walisubiri zamu wamepeana migongo. Mbuzi wao akivuka upande wetu, tulimrudisha bila kusema neno. Nyanya alikuwa akisema ugomvi wa shamba haufi, hulala tu.

Lakini kulikuwa na bendi.

Ilikuwa bendi ya benga ya watu wetu wa Ukambani, magitaa matatu, ngoma, na mwimbaji mwembamba aliyeimba kana kwamba anakusimulia wewe peke yako. Kila mwaka, siku iliyofuata Krismasi, walipiga muziki mchana kutwa kwenye uwanja mmoja pale Konza, karibu na barabara ya Mombasa. Mama na jirani walianza kwenda kuwaona wakiwa wasichana, kabla ya waume, kabla ya mpaka. Hawakuwahi kuacha.

Asubuhi ya siku hiyo nyumba yetu ilinukia chapati na makaa ya pasi. Mama alinyoosha rinda lake la kijani, akafunga muthokoi kwenye sufuria, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, ambayo hata yakipoa huwa matamu. Baba alijitia kukagua ng'ombe. Kisha sauti nzito ya jirani ilitoka ng'ambo ya makonge:

"Wewe wa huko! Unaenda ama unabaki?"

"Naenda! Hiyo lori haiwezi ningoja!"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya kwanza tangu mwaka uliopita.

Lori lilikuwa la kubebea mchanga, limefagiliwa kwa ajili ya mashabiki. Watoto tuliketi juu ya magunia matupu, wakubwa walisimama wameshikana mabega, na kabla hatujashuka mlima nyimbo zilikuwa zimeanza. Mama alianzisha, jirani akapokea. Vumbi lilituingia puani na hakuna aliyejali. Siku hiyo niliruhusiwa kucheza na binti wa jirani, ambaye mwaka mzima nilimwona kwa mbali tu. Tulikula chapati moja, tukivutana kila mmoja upande wake.

Konza kulikuwa na upepo na nyama choma, na umati uliotoka hata Athi River, wafanyakazi wa viwandani waliokuja wakiwa wamevaa viatu vya kazi. Gitaa la kwanza likipanda peke yake, mama na jirani walisimama uso kwa uso wakatikisa mabega mpaka vitambaa vikawadondoka. Nilimwona mama akicheka huku ameshika tumbo. Nyumbani hakucheka hivyo. Jioni, tulipofika njia panda, kila mmoja alishika njia yake bila kuaga, na kesho yake mtoni ikawa tena migongo.

Mwaka wa mwisho mwimbaji alikuja amekonda sana. Aliimba ameketi kwenye kiti. Watu hawakucheza, walisimama tu, wengine wamevua kofia. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyeimba. Jirani alimsogelea mama, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa miguuni pao nikasikia.

"Sikiza. Hii maneno ya shamba, sisi wawili tunaweza kuimaliza. Hao wanaume tuwaache."

Mama alitazama barabara. "Usiniharibie siku. Tutaongea mwaka ujao."

"Sawa," jirani akasema, akajifunga leso vizuri.

Mwimbaji alifariki kabla ya mvua. Wenzake walitawanyika, mmoja tukasikia ni bawabu kiwandani. Siku iliyofuata Krismasi ilipokuja, mama alinyoosha lile rinda vilevile, akalivaa, akaketi mlangoni. Jua lilipanda. Hakuna aliyeita.

"Si umwite wewe?" nikamwambia.

"Nimwite niende naye wapi?"

Hawakusemezana tena. Mume wa jirani alikufa, kisha baba, na hakuna aliyelima kile kipande; kimejaa magugu. Wakazeeka pande mbili, kila mmoja akisikia kikohozi cha mwenzake asubuhi.

Pale mazishini, binti wa jirani alikuja mpaka nyuma ya hema akamshika mama mkono. Ndiye aliyeniambia kwamba siku ile mama alipoketi mlangoni, mama yake pia alikuwa amevaa, akasimama uani mpaka saa za chakula, akisema ngoja kwanza nione kama ataniita. Mama alisikia yote. Akaongozwa kaburini, akatupa udongo, akarudi kitini.

Nyumbani nikatafuta ule muziki kwenye simu, nikidhani namfariji. Gitaa lilianza kupanda. Mama akasimama, akatoka nje akaenda kufungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado juu. Nikazima.

Kesho yake nilirudi mjini na mwanangu kupitia Konza. Uwanja siku hizi umezungushiwa ukuta mrefu wenye geti lililofungwa, na ndani sikuona mtu. Mwanangu aliyekuwa ubavuni pangu aliniuliza ninaangalia nini. Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwonyesha nini?