Mchi wa Bibi

Juzi mwanangu alifungua programu ya muziki kwenye kompyuta kuukuu ya shangazi Zena, akabonyeza kisanduku kimoja cha rangi kwenye skrini, na marehemu bibi akaanza kutwanga.

Nywele zilinisimama. Mawazo yalinirudisha alasiri moja ya utotoni, mtaani kwetu Wiyoni, harufu ya iliki nyumba nzima. Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza programu ile. Bibi alikuwa ameketi kando yangu, mikono mitupu, tukasikia mchi wake ukitwanga. Nilikimbia jikoni nimwone anayetwanga; kinu kilikuwa kimepinduliwa, kinakauka. Niliporudi, bibi alikuwa akisoma Ayatul Kursiy kujikinga na mashetani.

"Ni wewe, mama," shangazi alimwambia. "Nilikurekodi asubuhi."

Bibi aliinyooshea kompyuta kidole. "Nikifa, Zena, zima hiyo."

Nilidhani anahofia bili ya stima.

Juzi nilinyoosha mkono nizime. Mkono ukakataa.