Mukeka Tuliouacha Bila Kukunja

Sikia, we unayenisikiliza. Hii jambo ilinifikia mi mwenyewe, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ndani ya nyumba yangu ya matofali, na jua likiwaka inje. Sikuota. Sikuwa na malaria. Kuna bantu banasemaka mi nina mdomo mrefu, eti nashonaka nguo na uongo pamoja. Sawa, baseme. Lakini ukitaka kubisha, kuja kwangu. Nitakushushia mukeka kule juu, chini ya mabati, uone doa la tope na macho yako. Nimeufua na sabuni ya kila aina. Haitoki.

Bon, nianze.

Kwetu ni Bukavu. Hapa niko na mudogo wangu Nabintu. Mi nashonaka, yeye anasukaka bamama nywele mbele ya mlango wangu. Mama yetu alibakia kule. Aliuzaka sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, tangu tulipofungua macho, na mikono yake ilinukia sambaza hata siku ya Noeli. Kila Dimanche tukitoka kanisani tulimupigia simu, na Nabintu alikuwa ananinyang'anya ile simu kwa nguvu. Alikuwa na kinywa zaidi yangu, niamini.

Siku moja jioni Mama alipiga mwenyewe, kwa simu ya Nabintu. Nabintu alikuwa anasuka, mikono imejaa mafuta na meshi, akasema, “Nitamupigia nyuma.” Akachoka, akalala. Asubuhi shangazi njo alipiga. Mama amekufa hospitalini.

Unaona sasa? Nabintu aliniambia mi yaya yake, mkubwa wake, neno moja tu, mara moja, na hakulirudia: “Yaya, Mama amekufa amenikasirikia.” Nilimuambia hapana. Lakini hapana yangu ilikuwa ya kazi gani? Mi sikuwa pale.

Tukatandika mukeka. Kwetu kilio ikiingia, wafiwa banaikaa chini. Bantu balikuja ba Bukavu, ba Uvira, ba Fizi, hata bajirani ba Malawi balileta unga wa nsima na kusema pole kwa Chichewa. Na shika hili vizuri, maana hadithi yote inasimama hapa: kwetu mutu wa kilio haulizwi “we ni nani?” Akiingia akaikaa, unamupa chai. Kumuuliza jina ni kumufukuza. Siku ya mwisho mukeka unakungutwa inje na kukunjwa, na pale njo kilio inaisha.

Ile siku ya mwisho Nabintu alikuwa amelala juu yake. “Yaya, acha kwanza,” akasema. Nani angemuvuta miguu? Bamama bakatazamana, bakabeba masufuria yao, bakaenda. Mukeka ukabakia.

Kuanzia pale mudogo wangu alinyamaza. Si kununa, hapana, Nabintu akinuna anabamiza milango. Hii ilikuwa kitu ingine. Mi namuuliza, “Umekula?” Anasema, “Eeh.” “Umelala?” “Eeh.” “Uko na shida?” “Hapana.” Kupiga masolo, kuongea, na mutu wa eeh na hapana ni kama kusukuma kabaza yenye mnyororo umekatika: miguu inazunguka, baiskeli haiendi. Bateja bake balikuja, bakasimama mlangoni, bakaenda kusukwa kwa mwingine.

Basi nikashuka Lilongwe kupeleka nguo za kwaya, bamama ba Area 49 balikuwa bananingojea. Nilirudi siku ile ile, saa za mchana. Vumbi ya Dzaleka unaijua wakati wa jua kali, inaingia hata ndani ya meno. Nikafungua mlango. Nabintu iko juu ya mukeka. Na pembeni yake mwanamuke.

Alikuwa amefunga kitenge kichwani mpaka karibu na macho. Uso wake? Usiniulize. Nilimuangalia siku nyingi na siwezi kukuambia alikuwa na pua ya namna gani. Ile niliyoona ni miguu. Miguu ilikuwa na tope. Tope mbichi, nyeusi, inang'aa na maji. Na mi nilikuwa nimetoka kutembea kwenye vumbi tupu. Tope ilitoka wapi?

Nikamusalimia kwa Swahili. Kimya. Kwa Mashi, kwa Kifaransa, nikaongeza na muli bwanji ya hapa. Kimya. Nikajisemea, huyu ni mulizi, mutu wa kilio aliyechelewa, labda anatoka mbali. Nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikamuletea chai.

Hakuinywa. Bon, huzuni inafungaka bantu koo. Lakini jioni nilipotaka kuiondoa, ile kikombe ilikuwa inafuka moshi bado. Nikaishika, ikaniunguza. Chai niliyoimimina mchana! Nikairudisha chini.

Utasema, kwa nini haukumufukuza? We unasema vile sababu haukuwa pale. Ungefukuza mulizi kwenye kilio cha mama yako? Na tena, nilikuwa nasema atatoka tu. Hakutoka. Niliamka, iko pale. Nililala, iko pale.

Mama Riziki, jirani yangu wa Fizi, aliingia kutusalimia. Huyu mama akicheka unamusikia mpaka sokoni. Akaikaa pamoja nabo, na alipotoka alikuwa anatembea polepole, amejishika shingo. Kesho yake namuuliza, “Mama Riziki, sava, uko muzima?” Ananiangalia tu. Bwana yake akaniambia hajasema neno tangu jana. Nikaita Pasta. Pasta wetu, mutu anayehubiri mpaka batoto banalala na bakubwa bananung'unika njaa! Alisimama juu ya mukeka, akafunga macho, akafungua na “Baba yetu uliye...” Ikaishia pale. Kinywa kinapanuka, sauti hakuna. Akatoka na Biblia kwapani, na ile Dimanche mahubiri ilifanywa na shemasi. Ilikuwa fupi, Mungu anisamehe, na bantu balifurahi.

Mi sikufurahi. Nilikuwa nimemuangalia Nabintu. Hata eeh ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameegemea bega la yule mwanamuke, amelegea kabisa. Na vidole vya miguu yake, mudogo wangu ambaye hakuwa ametoka mlangoni siku zote zile, vilikuwa na tope. Mbichi. Nyeusi.

Pale nikaelewa: huyu iko ananichukulia Nabintu. Nilimuzika Mama kwa simu, na sasa nimuzike huyu pia huku naangalia? Aka! Woga ulinitoka, ikaingia hasira. Na mi nikikasirika nakuwa mutu mubaya.

Nikavuta mashini yangu ya kushona mpaka pembeni ya mukeka. Nikaikaa. Nikaanza kukanyaga, na nikaanza kusema. Nilisema bei ya nyanya, nilisema mapigano ya kwaya, nilisema yule dada wa kanisa anayeimba kama mbuzi. Nikiuliza swali, linaanguka kama jiwe kwenye kisima, na koo yangu inakauka kidogo. Nikaacha maswali. Nikasema tu. Sauti ikawa inakwaruza, lakini nikasema, “Nitasema mpaka mabati itoboke, utanisikia we unayejifunika.” Mwanamuke hakugeuka.

Sasa kuchoka kulinisaidia. Nilikuwa nasimulia sombe ya Mama, majani ya muhogo, namna alivyotwanga, namna alivyotia mafuta ya mawese, na akili ikateleza, nikasema, “Kisha anatia sukari.” Sukari kwenye sombe! Nikaona kidole cha Nabintu kinashtuka.

Nikasimamisha mashini. Nikamuangalia. Nikasema polepole, “Sukari mingi. Njo mambo ya Kadutu, kule tulikozaliwa.”

Kope ikapiga. Tulizaliwa Nyawera, mtaa mwingine wa Bukavu, na Nabintu hataki mchezo na Nyawera yake.

“Na Mama masikini,” nikasema, “kila asubuhi anabeba makala yake sokoni. Mama yetu aliuzaka makala.”

“Sambaza.”

Sauti ndogo, ya kutu. Lakini ilikuwa yake! Roho yangu iliruka, nikaibana. Nikajifanya sijasikia vizuri. “Makala, nakuambia. Mikono myeusi.”

“Yaya, ni sambaza! Makala ya wapi? We ulikuwa unatoroka kuzianika, njo maana haujui!”

“Mi? Nilitoroka mi? Ni we uliyekuwa unakula mbichi kama paka!”

Tukaanza kugombana, na sijawahi kusikia ugomvi mtamu vile maishani mwangu. Lakini yule mwanamuke akageuka. Kwa mara ya kwanza. Akanyanyua mukono, akauweka juu ya goti la Nabintu, taratibu, kama mutu anayefunika chungu. Na Nabintu akafunga kinywa katikati ya neno. Macho ikaenda mbali.

Nilikuwa nimebakia na uongo moja tu, ile ambayo singetaka kuisema hata kwa adui. Nilijua ndiyo inayomuuma. Nikajisemea, kama Nabintu hataamka kwa hii kunipiga kofi, haamki tena. Nikasimama, nikamupigia kelele usoni.

“Mama alikufa amekukasirikia! Unasikia? Alikataa jina lako! Hakutaka hata mutu akutaje!”

Nabintu alipanua kinywa. Machozi ikashuka. Sauti haikutoka.

“Uongo.”

Si Nabintu aliyesema. Ni yule. Sauti ilitoka chini ya kile kitenge, baridi, nzito, kama ya mutu aliyelala muda mrefu.

“Alimutaja. Nilimuuliza, tumupigie tena? Akasema, hapana, muacheni apumzike, mutoto wangu iko anafanya kazi. Akacheka. Mi nilikuwa pale.”

Halafu Nabintu akalia. Alilia kwa nguvu, na kinywa chote, ile kilio aliyoifungia tangu simu ya shangazi, mpaka bantu bakakimbia kutoka kisimani kuja kuona. Nikamukamata, nikamuvuta kifuani kwangu, nje ya ule mukeka.

Na mi? Utafikiri nilipiga magoti, nikasema mersi, asante? Hata! Nilimugeukia yule mwanamuke nikamuambia, “We ulikuwa pale? Ulikuwa na neno kama hili kinywani, na umeikaa kwangu siku zote hizi, unaangalia mutoto wa mwenzako anazama, na chai yangu unapewa? Simama! Simama nikunje mukeka wangu!”

Akasimama. Nakuapia, alisimama kama mutu aliyekaripiwa. Akapita mlangoni, kwenye jua, mbele ya bantu, na bote balimuona. Nyayo zake za tope zilikata vumbi mpaka kisimani, na pale zikaisha. Hakuna ya kwenda mbele, hakuna ya kurudi. Nikakunguta mukeka kwa nguvu zote, nikaukunja, nikaufunga na kamba.

Jioni nilimupigia shangazi. Nikamuuliza, Mama alipokufa alikuwa na nani? Akasema alikuwa peke yake, ila kitanda ya pembeni kulikuwa mwanamuke mugonjwa, Mama alikuwa anamupigisha masolo mpaka infirmière, muuguzi wa usiku, anabakaripia. Huyo naye alikufa kabla ya asubuhi. Hakuwa na mutu. Bakamuzika siku ya mvua kubwa, tope mpaka magotini, na hakuna aliyemutandikia mukeka hata siku moja.

Nikamuambia shangazi, “Basi tutamutandikia sisi.”

Dimanche iliyofuata tulimufanyia kilio yake, mi na Nabintu, mbele ya mlango, kwa mukeka mwingine. Hatukujua jina, na kwetu haliulizwi. Mama Riziki alikuja kuimba, sauti yake ilikuwa imerudi, na Pasta naye, akaomba mpaka tukajuta. Pasta anasemaka ilikuwa shetani. Mama Riziki anasemaka alikuwa mujumbe. Mi nasemaka alikuwa mutu aliyekosa wa kumulilia, na ninamuonea huruma mpaka leo. Lakini akirudi kumuegemea mudogo wangu, nitamufukuza tena na fagio. Jua lilikuwa bado halijazama tulipokunja.

Sauti yangu njo hii unayoisikia, ya kukwaruza. Haikupona tangu ile siku. Bamama ba Area 49 bananiuliza kama nilipigana. Nabaambia eeh, na nilishinda.

Sasa we. Kama kwako kuna mutu aliyenyamaza, usimuulize “sava?” ukashika ile “sava” yake ukaenda zako. Ule ukimya unaita bengine, na bengine banakuja kuikaa. Kunja mukeka wako siku inayotakiwa, hata kama mufiwa amelala juu, mubebe na mukeka wake. Kisha mukosee makusudi. Haribu hadithi ya mama yake, haribu jina la mtaa wake, mpaka akasirike akutukane. Akikutukana, shukuru Mungu.

Nabintu anasuka tena, yuko pale mlangoni, anasema kuliko mi. Lakini kuna saa, bateja bameenda, ananyamaza kidogo tu, anaangalia barabara ya kisimani. Basi mi nasimamisha mashini. Nasema kwa nguvu, “Mama yetu aliuzaka makala.”

Na sipumui mpaka anijibu.