Malka ya Shangazi

Kila ninaporudi Garissa kutoka Wajir, kwanza huenda kuutazama mto. Wajir maji huvutwa kisimani kwa kamba, debe baada ya debe, ngamia wakingoja zamu yao. Ukitoka huko ukasimama ukingoni mwa Tana, ukaona maji mengi namna ile yakijiendea yenyewe, unasahau hata kusalimu watu. Nimetangatanga sana, nimevuka miaka arobaini, na bado mto huo hunifunga mdomo.

Safari moja nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu, upande wa Balambala. Mifugo yake ilikufa kwa ukame, na tangu hapo shamba la migomba ndilo linalomlisha. Sasa shamba lilikuwa likimong'onyoka. Vipande vya ukingo vilikatika na kuanguka majini pamoja na migomba yake.

"Eedo, mto unakula shamba langu," aliniambia. Kwetu shangazi na mpwa huitana eedo, wote wawili. "Na hausemi hata bismillahi."

Nilipotembea naye nikaona kitu kimoja hakipo: malka. Ndivyo tunavyoita njia pana inayoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo ishuke mtoni kunywa. Katika malka ile nilicheza utotoni, nikirudi nyumbani na tope mpaka magotini. Shangazi alikuwa ameiziba kwa miiba na kupanda migomba mpaka kwenye maji, kwa kuwa majirani nao walikuwa wameziba zao. Wafugaji wakabaki hawana njia. Mifugo ikawa inateremka popote ilipopata upenyo, ikikanyaga matete na miche iliyokuwa imeshika udongo.

Mfugaji mmoja wa rika la shangazi alisimama nje ya ua wa miiba akamtania, akimwita walaal, yaani ndugu.

"Walaal, umepanda ndizi kooni mwa mto. Sasa mto ukikohoa unauliza una nini?"

Shangazi akamjibu kwamba ngamia wake ndio waliobomoa ukingo. Yule mzee akasema amewaomba wanywe kwa simu, wamekataa.

Siku chache baadaye mto ulijaa. Garissa jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, nasi tukaletewa mzigo wake: maji mekundu kama matofali, yamebeba magogo na harufu ya udongo tusiolima sisi. Hayakuwa na kelele kubwa. Yalipita tu, mapana, mazito, nami nikajiona mdogo kama siafu. Pale matete yalipokuwa bado yamesimama, yalilala chini, maji yakapita juu yake, ukingo ukabaki. Kwa shangazi, penye udongo mtupu, mstari mzima wa migomba uliondoka wima, majani yakipepea kama watu wanaoaga. Tuliwahi kuivuta pampu ya kumwagilia shamba, "bambu" yake, ikiwa imebaki hatua chache itumbukie.

Shangazi hakulia. Maji yaliposhuka, alichukua panga akaanza kuikata migomba iliyobaki ndani ya malka, ile aliyoipanda kwa mkono wake. Nilimwambia angoje angalau mikungu ikomae.

"Mto hautangoja, eedo," akasema. "Shika miiba upande huo, tuifungue njia."

Nikaondoka tena, kama kawaida yangu. Niliporudi mwaka uliofuata, shamba lilikuwa dogo kuliko zamani, lakini lilikuwa limetulia. Nje ya malka matete yalikuwa yamerudi, marefu kunipita, na katikati ya mashina yake vijisamaki vilitetemeka kama maji yanayochemka. Ukingo ulikuwa umetobolewa matundu matundu, na ndani yake walitoka ndege wa kijani wenye koo jekundu, kundi zima kwa mpigo mmoja. Sikuwa nimewaona hapo tangu utotoni. Hakuna aliyewaita.

Jioni yule mfugaji alileta ngamia wake. Walishuka katika malka polepole, mmoja nyuma ya mwingine, wakainamisha shingo. Shangazi alikuwa amesimama kando, panga mkononi.

"Bismillahi," akawasemea.