Bonge Katika Boksi la Mablanketi

Mimi na panya hatujawahi kuelewana. Kwa hiyo mjukuu wetu alipokuja kutuachia hamsta wake kwa wiki tatu, yeye na wazazi wake wakisafiri, nilimwambia wazi: "Huyu ni panya aliyekatwa mkia, usinidanganye." Akacheka, akanibusu shavuni, akamwacha huyo mnyama, jina lake Bonge, ndani ya tundu la waya lililochakaa, mlango umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ukishaitwa bibi, huna ujanja.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Mtaa mzima unamwita Fundi Nondo, maana kwa miaka thelathini na sita amechomelea nondo za madirisha ya watu, na hakuna mwizi aliyewahi kupita penye kazi yake. Lakini miezi minane iliyopita alipigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kulia ukagoma: unasogea kidogo, ila umekufa ganzi, hausikii moto wala baridi. Daktari alisema aushikishe vitu kila siku. Wapi! Aliulaza mapajani na kuuacha hapo hapo. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akanijibu, "Koleo nitanunua lingine. Mkono unauzwa duka gani?"

Niliogopa, sifichi. Nilimwona mume wangu akiondoka kidogo kidogo, kila asubuhi, kikombe cha chai mbele yake.

Siku ya pili alilitazama lile tundu, akasonya. "Nani alichomelea hii takataka?"

"Limetoka kiwandani."

"Hata kiwanda kiwe na haya! Mama, lete lile boksi la plastiki, la mablanketi."

Mablanketi yangu! Siku nyingine pangewaka moto. Siku hiyo niliyamwaga kitandani mbio mbio, asije akabadili mawazo.

Stoo kulikuwa na vipande viwili vya wavu wa chuma, kimoja matundu madogo, kingine mapana. Sasa, Fundi Nondo ana sheria yake. Kila nyumba aliyofanyia kazi aliomba aletewe mtoto mdogo kuliko wote, akamsimamisha kati ya nondo mbili. "Kichwa kikipita, mwili umepita," husema. Basi akamnyanyua Bonge kwa mkono wa kushoto, akakisogeza kichwa chake kwenye wavu wenye matundu mapana. Kichwa kikagota. Kilikuwa kikubwa ajabu, mashavu yamejaa pande zote mbili.

"Hapiti. Tuweke huu, apate hewa."

Akapasha kisu jikoni, akalibana boksi kwa magoti, akakata dirisha kwenye mfuniko, plastiki ikanuka mpaka kwa jirani. Kisha msumari wa moto: tundu, boliti, nati, tundu, boliti, nati. Mkono wa kulia aliutupia juu ya wavu usiteleze, kama jiwe juu ya karatasi. Mimi nimesimama mlangoni na mwiko, mchuzi nimeusahau. Miaka yote hiyo sikuwahi kumtazama akifanya kazi. Yeye karakana, mimi na shughuli zangu. Jamani, mtu huyu anauona mstari pasipo na mstari! Nilihisi nimeishi na mgeni, na mgeni mwenyewe ni wa ajabu.

Ndipo nikasikia harufu ambayo si ya plastiki. Msumari ulikuwa umelalia kidole chake kidogo cha kulia.

"Mzee! Unaungua!"

Akakitazama kile kidole, akautoa msumari taratibu. "Sikusikia," akasema. Nilikipaka dawa, machozi yakinidondoka humo humo.

Jioni Bonge alihamia, chini amewekewa maranda ya seremala na pembeni chupa ya maji. Asubuhi boksi tupu. Chini ya wavu palikuwa na lundo la mbegu za alizeti. Nilizihesabu: thelathini na moja. Zote alikuwa amezificha mashavuni! Nilikuwa nimemlisha mimi mwenyewe, dakika chache kabla ya kupimwa.

"Loo! Mzee, tulipima mashavu," nikasema. "Alipakua mzigo, akapanda chupa, akapita."

Sikujizuia kustaajabu; kiumbe kinachoenea kiganjani, kina akili ya mpakizi wa malori. Lakini mume wangu hakucheka. "Miaka thelathini na sita," akasema. "Nimekwisha." Akageuka kuelekea kwenye kile kiti.

Nikamshika shati. "Huketi mpaka apatikane. Mtoto tutamwambia nini?"

Tulipekua nyumba nzima. Stoo, ndani ya sanduku la vifaa, glavu yake ya ngozi ya kuchomelea ilikuwa inatikisika yenyewe. Ya kulia.

"Ikung'ute," nikasema.

"Atavunjika shingo. Tia mkono umtoe."

"Mimi? Thubutu!"

Akapiga magoti. Mkono wa kushoto ulikuwa umeibana glavu mdomoni, ukiacha upenyo wa mkono tu, Bonge asitoke na kupotea tena. Uliobaki ni mmoja tu. Akautazama. Akauinua, akauingiza, vidole vikijikokota kimoja kimoja mahali vilipoingia kila siku ya maisha yake.

"Aaa! Mama weee!" Akaruka nusura aangushe rafu. "Ananing'ata! Kidole gumba!"

Akaniangalia, macho yamemtoka, mkono bado umo ndani.

"Mama," akasema polepole. "Inauma."

Nilipiga magoti kando yake, mimi nisiyeelewana na panya.

"Usimtoe," nikamwambia. "Mwache akung'ate tena."