Ukili wa Lisboa

Zubeida Sualehe alipanda ndege mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na miwili, na kitu cha kwanza alichokifanya baada ya kukaa kitini ni kutoa mkobani miyaa, yale majani ya ukindu yaliyochanwa, na kuanza kusuka. Mhudumu akamtazama, akatabasamu, akapita. Wanawake wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, husuka wakienda sokoni, husuka wakingoja samaki bandarini, husuka wakisengenyana. Ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa baadaye kuwa mkeka, hukua mkononi huku miguu ikiwa na shughuli zake.

Mkeka uliompeleka Lisboa, mji mkuu wa Ureno, kwenye maonyesho ya sanaa na ubunifu, haukuwa wake peke yake. Aliusuka na wifi yake Awa, mke wa kaka yake. Wamesuka pamoja miaka ishirini. Hata walipokimbia vita wakapewa hema moja kule Pemba ya Msumbiji, kabla ya kurudi kwao, waliendelea kugombania miyaa myekundu. Mwaliko ulikuja wa watu wawili. Lakini vyeti vya Awa viliungua mwaka ule wa kukimbia, vipya vikachelewa, na passaporte haikutoka. Awa hakulia. Alinuna siku mbili, kisha akaja na fungu la miyaa ya rangi aliyoichana mwenyewe.

"Wifi, picha za telefone sizitaki," alisema. "Kila mtu ana picha. Mie nisukie huo mji. Tembea nao mkononi, uniletee."

"Mji mzima?"

"Kwani si wewe unayejifanya fundi?"

Zubeida akaahidi, na akaondoka na ahadi hiyo.

Jamani, mji ule! Nyumba zimevishwa vigae kutoka chini hadi juu, buluu juu ya nyeupe, kila nyumba na maua yake. Laura, msimamizi wa maonyesho aliyempokea, alimnunulia kahawa, nayo ikapoa mezani, maana Zubeida alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akihesabu majani yaliyochorwa kwenye ukuta mmoja. Njia zenyewe zimepangwa vijiwe vyeusi na vyeupe kwa michoro, na siku ya kwanza alizikanyaga kwa haya, kama mtu aliyeingia kwa watu na viatu. Akashuka kwenye treni ya chini ya ardhi akitegemea giza tupu, akakuta kila kituo na mapambo yake. Akateremka vituo vinne asivyokuwa na haja navyo, kuangalia tu. Mtaa mmoja akakuta ukuta wa ghorofa sita umechorwa uso wa bibi kizee, na mikunjo yake yote, akaangua kicheko peke yake barabarani. Kumbe huku bibi anaweza kuwa mkubwa kuliko benki!

Vidole havikupumzika. Buluu ikaingia kwenye ukili, ikaingia nyeupe, ikaingia manjano ya tramu inayopanda kilima ikilalamika. Alipotea mara mbili na hakujali hata kidogo. Alikuwa na furaha mpaka akajionea haya, mtu mzima mwenye wajukuu.

Siku ya nane Laura akauona ukili umeviringishwa mkobani. Akauomba, akaukunjua sakafuni, akatembea ubavuni mwake hadi pale Zubeida alipokuwa amekaa akisuka ncha yake.

"Mkeka ni mzuri," alisema kwa Kireno, "lakini huu ni mji wetu. Tuachie, Dona Zubeida. Mwakani maonyesho yanakwenda Paris, halafu São Paulo. Ukili ukienda, na wewe utakwenda nao."

Moyo wa Zubeida ukaruka. Paris! São Paulo! Kuna kuta gani huko, kuna vigae gani, treni zake zikoje? Na Awa atajua nini? Yeye atamsukia mwingine, wa kukumbukia, na mambo yaishe. Akasuka shibiri nzima akiwaza hivyo, na neno la kukubali limeshafika mdomoni. Kisha mkono wake ukachukua mwaa mwekundu, mwekundu ule ule wa kugombaniwa, na Awa alikuwa ameutia kwenye fungu bila kuombwa.

"Una mwenyewe," akasema. "Mie nimeusuka tu."

Laura alisikitika. Zubeida alisikitika zaidi yake, na hilo hakulificha.

Aliporudi Mocímboa, Awa alikuwa mlangoni kabla msafiri hajatua mzigo. Akaupokea ukili, akakaa, akaanza kuupitisha vidoleni. Msusi humjua mwenzake kwa mkazo wa mkono.

"Hapa ulikuwa unapanda. Pumzi zimekuishia."

"Kilima hicho! Tramu ipo, mie nikajitia ujana nikaenda kwa miguu."

"Na hapa ulicheka."

"Bibi wa ghorofa sita!" Zubeida akasimama kuonyesha pua ya yule bibi ilianzia wapi, ikabidi anyanyue mikono na kupanda juu ya kigoda, wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Karibu na mwisho, kidole cha Awa kikasimama.

"Na hapa? Umelegea shibiri nzima. Wewe hulegei hivi. Hata kule hemani hukulegea."

Zubeida akashuka kigodani. Hakuwa amepanga kulisema.

"Hapo waliniomba niuache, wanipeleke Paris. Wifi, hapo nilikuwa nimeshakubali moyoni."

Kidole cha Awa kikavuka ule ulegevu, kikafika pale mwaa mwekundu unapoingia, kikaminya. Palikuwa pamekazwa, hata ukucha haukupenya.

"Lete nifumue hapo," Zubeida alisema kwa aibu. "Nisuke upya."

"Ushike mkono wako! Hapo pasiguswe." Awa akauvuta ukili wote mapajani kwake, akaulaza taratibu. "Kesho unisindikize nikaulizie passaporte yangu. Halafu mwandikie huyo Laura wako kwamba safari hii tuko wawili, umuulize Paris kunataka rangi gani."