Bi Nirudishie

Shangazi alikaa miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la dawa, lile dogo lenye wavu na tundu la kupitisha mkono, na miaka yote hiyo hakumwamini mtu aliyesema "nimeelewa." Kwake, neno hilo lilikuwa ugonjwa wa kwanza, huo mwingine daktari alishaupatia dawa.

Alikueleza kipimo, kisha akaikumbatia pakiti kifuani. "Haya, nirudishie." Usipomrudishia maelezo kwa maneno yako mwenyewe, pakiti haitoki. Ndiyo maana tulimwita Bi Nirudishie, na foleni yake ilifika hadi mlango wa choo.

Kisa alichopenda kutusimulia mezani, akiigiza mpaka sauti, ni cha mhadhiri wa lugha aliyekuja na tai, shingo ngumu, na jicho jekundu kama taa ya breki. Shangazi akamweleza: matone mawili jichoni, asubuhi na jioni.

"Nirudishie."

"Mama, mimi nafundisha maana za maneno. Nimeelewa."

"Basi nifundishe na mimi. Huko kuelewa kumetoka wapi?"

Mhadhiri akachangamka, akaegemea dirisha kama yuko darasani. Kuelewa, akasema, ni ndugu wa kuelea. Jambo likikuelea, limekuja juu kama kijiti majini, unaliona. Kufahamu ni mgeni aliyetoka kwenye Kiarabu, akakaribishwa, akasahau kuondoka. Foleni ikaguna.

"Ahsante, mwalimu. Na dawa?"

Mhadhiri akatazama dari. "Vijiko viwili. Baada ya kula."

"Jambo lako limezama, baba. Rudi nyuma ya foleni."

Siku hizi dirisha lile ni kioo kitupu, na maelezo yanatoka kwenye mashine, yamechapwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Shangazi alishastaafu. Mwaka jana moyo wake ukaanza kumchezea, nikampeleka kwa daktari. Akapewa vidonge vya aina tatu: hiki kikatwe nusu, hiki kisikutane na kile. Daktari alisema yote kwa pumzi moja, mkono uko kwenye kitasa.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

Nilishtuka kama niliyemsikia akitukana. Tulipofika kwenye benchi la nje nikamwambia, "Shangazi, nirudishie."

Akavigeuza vidonge mapajani. "Cheupe... nusu. Au ni hiki cha njano?" Tulijua wote wawili kwamba akivichanganya, hatarudi hapa kwa miguu yake.

"Mbona hukuuliza?"

"Alikuwa na haraka. Nikaona haya." Akachezea pakiti. "Unamkumbuka yule mwalimu wangu wa vijiko viwili? Nimemcheka miaka yote nikidhani ni majivuno. Kumbe maskini alikuwa anahofia jicho lake."

Akanishika mkono, akanyanyuka.

"Twende, mwanangu. Tukapange foleni. Nyuma kabisa."